Kidudu cha Maziwa Kifikapo Ubongoni

Mkoani Shinyanga, mfugaji ashikwapo na homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, kwanza hushukiwa malaria. Dawa hutolewa, homa hurudi. Miezi ikipita, huenda akaanza kuumwa kichwa mfululizo, kusahau, hata kupungukiwa na kusikia. Hapo ndipo lifaapo swali ambalo mara nyingi huachwa: je, hunywa maziwa mabichi?

Bakteria wa jamii ya brusela, wanaofanya ng'ombe watupe mimba, walitambuliwa mwaka 1887 kisiwani Malta na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Ndiye yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Maziwa yasiyochemshwa huwaambukiza watu, na kuyagandisha tu hakutoshi kuwaua. Ni wagonjwa wachache ambao kidudu huwafika ubongoni.

Wala si mifugo peke yake. Tangu mwaka 1994 jamaa za bakteria hawa zimeonekana katika pomboo na sili, na mwaka 2003 ilitangazwa habari ya wagonjwa wawili wa Peru waliopatwa na uvimbe ubongoni kwa aina hiyo ya baharini. Vyakula vibichi vya pwani vilishukiwa.

Huko Geita pana mtego wa ziada. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu huleta mtetemeko na usahaulifu. Vumbi la mawe nalo hudhoofisha mapafu yakashikwa na kifua kikuu, ambacho chaweza kupanda ubongoni. Maji ya uti wa mgongo ya kifua kikuu na ya brusela hufanana mno: chembe nyeupe na protini zimezidi, sukari imepungua. Kuotesha bakteria maabara huchukua siku nyingi, tena ni hatari kwa mpimaji, kwani huambukiza kwa hewa. Hivyo hutafutwa kingamwili katika damu na katika maji hayo.

Kosa hapa ni ghali. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huwadhuru brusela pia. Mgonjwa aliyekosewa aweza kupata nafuu kidogo, na daktari akaridhika. Tiba yenyewe huiunganisha na doksisaiklini, na mara nyingi sindano za seftriaksoni, kwa miezi kadhaa. Wakati huohuo ng'ombe wa nyumbani hupimwa damu, na walionywa maziwa yaleyale huulizwa habari za homa zao.