Kompyuta Mpya Ipimwe Joto Kabla ya Kuaminiwa

Baada ya msimu wa kahawa, dada yangu aishiye wilayani Muleba alichukua fedha ya mauzo, akaongeza na akiba yake, akamnunulia binti yake kompyuta ya mpakato. Binti huyo ni mwalimu wa sekondari, na alikusudia kuitumia kutungia mitihani. Siku ya pili kompyuta ilizimika yenyewe mara mbili. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba nchi yetu ni ya joto, na kwamba kompyuta zote hupata moto. Muda wa kurudisha bidhaa ulikuwa siku 7 tu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, niirudishe au nivumilie?"

Nakiri kwamba kwanza nilidhani kosa ni lake, kwa kuwa vijana wengi huzitumia mashine hizi kitandani. Lakini swali kama hilo lahitaji kipimo, wala si dhana ya mjomba.

Ndugu msomaji, yafaa tueleze kwanza joto hilo hutoka wapi. Karibu nishati yote ya umeme iingiayo katika kompyuta hatimaye hugeuka kuwa joto. Prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu, ni kipande kidogo cha silikoni, nacho chaweza kutumia wati 15 hadi 45 au zaidi kikiwa na kazi nzito. Joto hilo huondolewa kwa bomba la shaba lililozibwa, lenye maji machache ndani. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wenye mapezi membamba ya metali, ukapoa na kuwa maji tena. Feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo na kulitoa joto nje. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikaribiapo nyuzi 95 hadi 105 za Sentigredi. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue.

Kazi ya hewa si ngeni katika Kagera. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wayeyushaji chuma wa mkoa huu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, walitumia ufundi wa hali ya juu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hewa ya mivukuto ilipashwa moto katika mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri, na hivyo joto la tanuri likaongezeka. Katika kompyuta twataka kinyume chake: hewa iingie baridi, itoke na joto. Matundu yakizibwa na godoro au blanketi, joto hukosa pa kutokea.

Je, hoja ya muuzaji ilikuwa na msingi? Bukoba iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu 10 katika 100, na kwa hiyo feni hubeba joto pungufu kidogo. Hata hivyo, mchana wa kawaida huko haufikii nyuzi 30. Ikiwa kompyuta hufanya kazi Dar es Salaam, haina sababu ya kushindwa Muleba.

Tulipima hivi. Mashine yake na yangu ya zamani ziliwekwa juu ya meza ngumu, katika chumba kimoja chenye nyuzi 23. Kila moja iliachwa dakika 15 bila kazi, kisha ikapewa kazi nzito kwa dakika 30 kwa programu ileile. Tulisoma joto la prosesa kila dakika 5 na kuliandika daftarini. Kwa kuwa mashine hizo si za aina moja, hatukulinganisha namba kwa namba. Tulitazama kama joto linatulia au la. Yangu ilianza na nyuzi 44, ikapanda hadi 82, ikatulia hapo. Yake ilianza na 61, ikafika 97 katika dakika ya 5, na kabla ya dakika ya 10 ilizimika. Kesho yake tulirudia kwa betri, bila chaja, nayo ikazimika vilevile. Mwisho tulining'iniza kipande cha karatasi nyembamba mbele ya tundu la kutolea hewa. Kwangu kilipepea, kwake hakikutikisika. Feni ilikuwa haizunguki.

Siku ya 5 mpwa wangu alimpelekea muuzaji picha za kurasa za daftari. Hakubishana tena, alibadilisha mashine. Hiyo ya pili tuliipima kwa utaratibu uleule, ikatulia katika nyuzi 79.

Anunuaye kompyuta na afanye upimaji huu katika siku za mwanzo, kabla muda wa kuirudisha haujapita. Baadaye, vumbi na wadudu wadogo warukao makundi kando ya Ziwa Viktoria huweza kuziba matundu. Yafaa yasafishwe kwa brashi laini mashine ikiwa imezimwa. Mpwa wangu amelihifadhi daftari lake. Mwakani atapima tena chumbani mle mle, na kama namba 79 imepanda sana, atajua kwamba wakati wa kusafisha umefika.