Fahamu: Kwa nini jaribio la Facebook la 2012 lilizua hoja ya maadili

Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook ilibadilisha machapisho waliyoonyeshwa watumiaji 689,003. Baadhi walipunguziwa yenye maneno ya furaha, wengine yenye maneno ya huzuni, ili watafiti wapime kama hisia huambukizwa mtandaoni. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Utafiti ulipochapishwa mwaka 2014, athari iliyopatikana ilikuwa ndogo mno, ila hasira ya umma ilikuwa kubwa. Watafiti walisema kukubali masharti ya mtandao huo ni ridhaa tosha.

Haitoshi. Ridhaa ya kweli humtaka mshiriki aelezwe kinachofanywa, madhara yanayoweza kumpata na haki yake ya kujitoa. Katika umati huo huenda walikuwamo wagonjwa wa sonona. Anayetaka kuchezea hisia za watu kwa ajili ya sayansi, sharti awaulize kwanza.