Kwa nini wageni wa pwani walikaa Maniema

Vijana wa kwaya huuliza kwa nini sisi wa Kindu, mbali hivi na bahari, tunasali kwa Kiswahili. Jibu liko kusini mwetu, Nyangwe na Kasongo.

Wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walikuja kutafuta pembe za ndovu. Lakini pembe hubebwa na kuondoka. Si sababu ya mtu kujenga nyumba. Walikaa kwa ajili ya mto Lualaba, soko, na udongo uliokubali mpunga wao. Tippu Tip alifanya makao Kasongo tangu mwaka wa 1875 hivi.

Tusifiche: mashamba hayo yalilimwa na watumwa. David Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipopiga risasi sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine wakizama mtoni.

Mwaka wa 1893 majeshi ya Leopold II yaliteka miji yote miwili. Mchele ulibaki, na lugha, na watoto. Wajukuu hao, wengi wao Waislamu, ni majirani zetu, na bado kuna Wakristo wanaowaita wageni. Mimi sikubali. Babu alitoka pwani, ndiyo. Bibi mara nyingi alikuwa binti wa hapa, na si kila mara kwa hiari yake.