Kisanduku Kisichojazwa Si Sifuri

Hadithi, hadithi? Hadithi njoo! Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sisimulii sungura wala fisi, nasimulia tauni na kompyuta.

Mwaka 1980 tauni iliingia wilaya ya Lushoto, Tanzania. Ni ugonjwa wa panya, na kiroboto ndiye mchukuzi wake: panya akishakufa, kiroboto humhama akatafuta damu kwingine, hata ikiwa ni ya mtu. Kule juu, Shume na vijiji vya jirani, watu walitoka mitoki kwapani na kwenye kinena, homa zikawalaza, wengine wakazikwa. Visa vilikuja kupungua mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia hapo walioandikwa kuugua walizidi elfu saba.

Sasa jiwekeni mahali pa mtu wa ofisi ya afya wilayani, anayepokea taarifa za zahanati zilizotawanyika milimani, kutoka Mtae hadi Soni. Zahanati moja imeandika 0, yaani tumeangalia, hatuna mgonjwa wa tauni. Nyingine imeacha wazi. Je, hawana mgonjwa? Mganga alisafiri? Au wagonjwa ni wengi mno hata kalamu haikushikwa? Aliyeandika 0 amejibu. Aliyeacha wazi hajajibu, na huenda kwake ndiko gari linakotakiwa kwenda kesho alfajiri.

Siku hizi taarifa hizo, ambazo wauguzi wanaziita MTUHA, huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na upande wake wa seva umeandikwa kwa lugha ya Java. Kwa hiyo tuitazame fomu ya Java, ndogo tu, ya kujifunzia.

Fomu ina kisanduku kiitwacho wagonjwa. Muuguzi anakiruka, anabonyeza Tuma. Kivinjari hakisemi kwamba kisanduku kimerukwa. Kinatuma wagonjwa= na baada ya alama ya sawasawa hakuna kitu. Kule kwenye seva, Java inaomba jibu kwa getParameter, inapewa "", maandishi yenye urefu wa herufi 0. Ni bahasha iliyofika, imefungwa vizuri, ndani hamna barua. Nayo null? Hapo bahasha yenyewe haikuja: getParameter hurudisha null pale kisanduku kisipotumwa kabisa.

Mwanafunzi anayeanza huandika if (jibu == null) akadhani amemaliza kazi. Maandishi matupu yanampita, yanafika kwenye Integer.parseInt, inayogeuza maandishi kuwa namba, na programu inakwama ikilalamika NumberFormatException. Kwa haraka anaongeza mstari: kikiwa kitupu, weka 0. Malalamiko yanakwisha, skrini inatulia, mwalimu anafurahi. Lakini zahanati iliyonyamaza imesingiziwa kusema kwamba haina tauni! Kwangu hilo ni baya kuliko programu kukwama, maana programu ikikwama watu wanajua.

Dawa yake ni hii:

String jibu = request.getParameter("wagonjwa");
if (jibu != null && jibu.isBlank()) jibu = null;
Integer wagonjwa = (jibu == null) ? null : Integer.valueOf(jibu.strip());

isBlank ilikuja na Java 11, mwaka 2018, na inamnasa hata aliyegusa kitufe cha nafasi bila kujua, kwa sababu nafasi moja si tupu kwa Java. Ina urefu wa 1. Tazameni pia kwamba nimeandika Integer, sikuandika int. int haijui kunyamaza: ikiwa sehemu ya kitu na hukuipa thamani, Java yenyewe inaijaza 0. Wanaotumia Spring, zana ya kuundia programu za Java, wana StringTrimmerEditor, ambayo ukiipa true hugeuza matupu yote kuwa null.

Hiyo null ina mzee wake, Mwingereza Tony Hoare, aliyeibuni mwaka 1965 akitengeneza lugha ya ALGOL W. Mwaka 2009 alisema hadharani kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, kwa jinsi lilivyoangusha programu za watu. Namheshimu mzee, na programu kweli zimeanguka. Ila mbele ya fomu ya zahanati nataka neno la kusema "hatujui", na ndani ya hifadhidata null inalisema vizuri. Zahanati nne zikileta 6, 0, 3 na null, hifadhidata itatoa wastani wa 3 kwa zile tatu zilizojibu. Weka 0 mahali pa null, wastani unashuka hadi 2.25, na ugonjwa unaonekana umepungua ilhali hakuna aliyepona.

Na kinyume chake kipo. DHIS2, isipoambiwa vingine, haihifadhi sifuri, ili isijaze hifadhidata bure. Kwa tarakimu nyingi ni sawa. Kwa tauni, anayeusimamia mfumo lazima awashe uhifadhi wa sifuri, la sivyo jibu la kweli la muuguzi linapotea na anahesabiwa pamoja na walionyamaza.

Basi, wajukuu, siku mtakapoandika fomu yenu ya kwanza, ijaribuni mara tatu kabla ya kumpa mtu: acheni kisanduku wazi, kisha guseni kitufe cha nafasi mara moja, kisha andikeni 0. Fungueni hifadhidata mkaangalie. Mbili za kwanza ziwe null, ya tatu iwe 0. Zikiwa vingine, msiipeleke zahanati.