Robota la Nguo na Mzigo wa Mabua

Haya, sogeeni. Leo madaftari yakae mikobani. Wawili mkaniletee mabua ya mtama, wawili mtafute kamba na shuka kuukuu. Wengine twende uwanjani tuchore ramani kwa jivu: hapa Ziwa Bangweulu, kule Tabora, na mlango wa darasa uwe Bagamoyo.

Yafungeni mabua urefu wa mtu mzima, myaviringishe shuka. Tuseme huyo ni David Livingstone, msafiri wa Kiskoti. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wangeweza kumzika palepale wakaenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake tu, chini ya mti, na mwenzao Jacob Wainwright akachonga jina kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, kisha wakauning'iniza kwenye mpiko.

Bebeni sasa, mpiko begani, mzunguke uwanja mara tatu. Wewe, mzunguko wa kwanza tu na umeshashika kiuno? Wao walikwenda karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wengine wakiugua njiani. Na Halima, mpishi wa msafara, alikuwemo, vitabu humsahau.

Mabua je? Hapo ndipo ninapopapenda. Walipokwisha kupita Tabora, wenyeji wa mbele walikataa maiti isikatize kwao. Akina Susi wakajibu: basi, tunairudisha ikazikwe Unyanyembe, huko huko Tabora. Wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, watu wakaubeba mzigo huo hadharani kurudi walikotoka. Usiku, porini, wakayatawanya mabua na kurejea kimyakimya. Maiti yenyewe ilikuwa imeshafungwa upya kama robota la nguo, bidhaa kama bidhaa nyingine.

Tuigize basi. Safu ya mbele ni wazee wa kijiji: kagueni mizigo, mwulize maswali magumu. Wapagazi, atakayecheka ameuharibu msafara mzima!

Msafara ulifika Bagamoyo Februari 1874. Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili, na Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.