Jicho la Mtoto, Mkono wa Mama: Mwanamke wa Ughaibuni katika Riwaya na Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Utangulizi

Muhula mmoja tulikuwa tukijadili darasani nafasi ya mwanamke kipofu katika riwaya ya Kiafrika. Tulikwisha kuandika ubaoni kwamba upofu ni ishara ya ujinga, ya kutengwa, au ya hekima iliyofichika. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini kila kipofu wa kitabuni lazima awe ishara? Kwetu kipofu alikuwa mtoto wa jirani." Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sisi pia tulinyamaza, kwani hatukuwa na jibu la haraka.

Makala hii ni jaribio la kumjibu. Tunakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa katika majengo tofauti ya chuo: utambulisho wa kiutamaduni wa mwanamke katika fasihi ya ughaibuni, na utunzaji wa macho ya watoto na vijana. Hoja yetu ni kwamba mambo hayo hukutana mahali pamoja, yaani katika mkono wa mama unaogusa jicho la mtoto. Utamaduni anaouhamisha mwanamke si kitu kimoja cha kushikwa chote au kutupwa chote. Umo ndani yake wa kuponya na umo wa kudhuru, na kazi ya mwandishi, ya muuguzi na ya mwalimu wa lugha ni kusaidia kuuchambua.

Nani mwanamke wa ughaibuni?

Tunaposema fasihi ya ughaibuni, mawazo yetu hukimbilia London, Muscat au Chicago. Lakini ughaibuni hauhitaji ndege. Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya Nchelenge na Kashikishi kuna miji ya Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili huzungumzwa kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wakongo waliokimbia vita walipokelewa katika kambi za Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso. Kuanzia mwaka 2017 wengine wengi waliingia Nchelenge kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Sehemu kubwa yao walikuwa wanawake na watoto.

Wala Kiswahili si mgeni wa jana katika nchi hiyo. David Livingstone alipofika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, na baadaye katika mji wa Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh. Tippu Tip naye, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anasimulia vita vyake na chifu Nsama katika nchi iliyo baina ya Mweru na Tanganyika. Hayo ni masimulizi ya wanaume juu ya misafara. Mwanamke aliyevuka ziwa na mtoto mgongoni hakuandikiwa kitabu.

Mwanamke na jicho katika riwaya

Katika riwaya ya Buchi Emecheta iitwayo Second-Class Citizen, iliyotoka mwaka 1974, Adah, mama wa Kinigeria, yuko London. Mtoto wake Vicky anaugua homa ya uti wa mgongo, na Adah anamshuku mlezi wa kulipwa aliyekuwa akimtunza. Hapo ndipo utambulisho wake unapojaribiwa. Hajaulizwa anavaa nini au anaimba nini. Ameulizwa na nafsi yake kama bado ni mama anayejua kumlinda mwanawe katika nchi ambayo hana shangazi wala nyanya wa kumshauri.

Karibu zaidi na Mweru tunampata Namwali Serpell, aliyezaliwa Lusaka mwaka 1980 na kuhamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Riwaya yake The Old Drift ya mwaka 2019, iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, inafuata vizazi vitatu vya familia tatu. Wawili kati ya nyanya wa riwaya hiyo wanatambulishwa kwa macho. Agnes ni Mwingereza mcheza tenisi anayepofuka katika ujana wake, akaolewa na Ronald, mwanafunzi Mzambia, na kumfuata Zambia. Matha ni msichana aliyeshiriki katika mpango wa anga za juu wa Edward Mukuka Nkoloso katika miaka ya 1960. Baada ya kuachwa na mpenzi wake anaanza kulia, na machozi hayakomi kwa miaka mingi.

Msomaji ana haki ya kuona ishara hapa. Agnes, asiyeona rangi ya ngozi ya mchumba wake, anatufanya tujiulize ubaguzi hutoka wapi. Machozi ya Matha ni huzuni ya mwanamke ambaye ndoto za uhuru zilimpita. Hata hivyo, mwanafunzi wetu alikuwa na hoja. Tukiishia kwenye ishara, tunasahau kwamba katika bonde la Luapula, ndani ya nchi ya riwaya hiyohiyo, upofu ulikuwa na sababu zake, nazo zinajulikana.

Upofu wa bonde la Luapula

Katika miaka ya 1960 madaktari waliochunguza vijiji vya Kawambwa na Mwansabombwe walishangazwa na wingi wa vipofu, na wengi wao walikuwa wamepofuka utotoni. Mwaka 1969 mwanajiografia N. D. McGlashan alichapisha makala iliyounganisha surua, utapiamlo na upofu katika Mkoa wa Luapula. Mambo matatu yalikuwa yakisaidiana kumpofusha mtoto.

La kwanza ni upungufu wa vitamini A. Jicho huihitaji ili kutengeneza kemikali inayotuwezesha kuona katika mwanga hafifu. Ikipungua, dalili ya kwanza ni mtoto kushindwa kuona jioni: anajikwaa, anapapasa sahani, anakaa kitako wakati wenzake wanacheza. Baadaye sehemu nyeupe ya jicho hukauka na huweza kuota madoa kama povu. Mwisho kioo cha mbele cha jicho hulainika na kutoboka, na hapo hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea.

La pili ni surua. Ugonjwa huu hushambulia jicho lenyewe, na papo hapo humaliza akiba ya vitamini A mwilini. Mtoto aliyekuwa akiona Jumatatu huweza kupofuka kabla ya wiki mbili kwisha.

La tatu ni dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni: utomvu wa majani, unga wa mizizi, hata mkojo. Mama au nyanya huzitia kwa mapenzi, kwa sababu jicho jekundu la mtoto humchoma moyo. Lakini jicho lililokwisha kukauka haliwezi kuvumilia vitu vikali wala vijidudu.

Hatua zilichukuliwa. Chanjo ya surua ilienea. Ratiba ya Zambia ni dozi mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano. Mwaka 1998 serikali iliagiza sukari ya matumizi ya nyumbani iongezwe vitamini hiyo, na mwaka 2012 mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa ziliidhinishwa. Lakini sukari humfaa anayeweza kuinunua, na chanjo humfikia aliye mahali pamoja kwa muda. Anayekimbia huku akibadilisha kijiji huweza kuikosa ratiba yote.

Kilichomo katika kapu la mama

Sasa turudi kwa mwanamke aliyevuka ziwa. Katika upishi wake kuna sombe, yaani majani ya mihogo ambayo Watanzania huyaita kisamvu na Wabemba katapa. Huyatwanga, huyachemsha sana, kisha huyaunga kwa mawese. Hiki ni chakula cha kumbukumbu. Ndicho riwaya za ughaibuni hukitaja kila mhusika anapoililia nyumbani. Lakini pia ni dawa ya macho. Majani yana asili ya vitamini A, na mawese mekundu yanayo kwa wingi zaidi. Mafuta nayo huusaidia mwili kuifyonza. Mawese yakichomwa mpaka yakageuka meupe, faida hiyo hupotea. Maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, yana vitamini A nyingi pia. Mama anayeambiwa kwamba vyakula vya kwao ni vya kishamba huibiwa mara mbili: utambulisho wake na macho ya mwanawe.

Katika kapu hilohilo, hata hivyo, kuna dawa ya kutia jichoni. Mfano wa pwani ni wanja. Wanawake wa Uswahilini, Oman na Uhindini huwapaka watoto wachanga wanja kwa uzuri na kwa kinga ya kijicho, na wanaohamia Ulaya na Marekani husafiri nao. Aina nyingi za wanja wa asili zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Je, mama anayeuacha wanja ameacha Uswahili wake? Sisi tunasema hapana. Dua, jina, wimbo wa kubembeleza na mkono uleule vimebaki. Kilichoachwa ni risasi tu.

Lugha inapopotosha

Hapa ndipo walimu wa Kiswahili tunapohusika moja kwa moja. Fikiria sentensi fupi hii: "Mpeleke mtoto kwa mganga." Katika Kiswahili cha Katanga, munganga ni tabibu wa hospitali. Kwa Mtanzania wa kawaida, mganga ni wa kienyeji, ingawa serikali inasema "Mganga Mkuu wa Wilaya". Kwa Kibemba, shing'anga ni mganga wa jadi. Sentensi moja, ufuko mmoja, na mama anaweza kwenda njia mbili zinazopishana. Afadhali kusema "zahanati" au "muuguzi wa kliniki", na kuuliza mama amesikia nini.

Tuangalie pia "mtoto wa jicho". Wanafunzi wa kigeni huigeuza wakadhani ni jicho la mtoto. Hili ni jina la ukungu unaoziba mboni, na si ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto huweza kuzaliwa nao. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe apelekwe hospitali upesi, kwani ubongo usiopata picha mapema hushindwa kujifunza kuona, na pengine weupe huo ni saratani ya jicho. "Chamba cha jicho" ni jambo jingine: ni utando au kovu jeupe juu ya jicho. Tusiyachanganye maneno haya katika tafsiri.

Habari njema ni kwamba lugha zenyewe ni ndugu. Kipofu kwa Kibemba ni impofu. Jicho ni ilinso na macho ni amenso. Mfasiri anayeanzia kwenye undugu huo hueleweka haraka kuliko anayeanzia kwenye Kiingereza.

Mapendekezo kwa walimu na wanafunzi

Kwanza, tunapofundisha riwaya yenye mhusika kipofu, tuulize maswali mawili kabla ya ishara: alipofuka kwa nini, na nani alimtunza? Pili, katika mazoezi ya tafsiri tutumie matini za afya ya macho, tukilinganisha Kiswahili sanifu na cha Katanga. Tatu, wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wamwangalie kijana anayekodoa macho, anayesogea mbele ya ubao au anayeumwa kichwa akisoma. Huenda si mvivu, anahitaji miwani. Kwa ukubwa wa darasa zetu, ni rahisi kumwandika mzembe mtoto asiyeona maandishi. Nne, tuseme bila kuzunguka: jicho jekundu lenye maumivu, au mtoto asiyeona jioni, aende kliniki siku hiyohiyo, na lisitiwe kitu chochote kisichotoka kwa muuguzi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwanamke wa ughaibuni, wa kitabuni na wa Mantapala, haulizwi tu yeye ni nani. Anaulizwa kila siku atampikia mtoto nini na atamtia nini jichoni. Majibu yake ndiyo utamaduni wake.

Na mwanafunzi wetu tumjibu hivi: kipofu wa kitabuni halazimiki kuwa ishara. Anaweza kuwa ishara na pia mtoto wa jirani. Tukimsahau yule wa pili, hata ishara tutakuwa tumeisoma nusu. Baada ya mjadala ule mwanafunzi aliandika insha yake ya muhula juu ya nyanya yake, aliyewalisha wajukuu sombe yenye mawese mwaka wa surua. Tulimpa alama nzuri, na tunawaomba wasomaji wenye masimulizi ya namna hiyo wayaandike kabla wenye kuyajua hawajaondoka.