Bima ya Kutunza Wazee: Je, Hupunguza Ulemavu?

Bima tuliyoizoea hulipa dawa na kitanda cha hospitali. Lakini mzee aliyepatwa na kiharusi akisharuhusiwa kurudi nyumbani, ni nani atamwogesha, kumvalisha na kumpeleka chooni? Mara nyingi ni binti au mkwe, mpaka naye mgongo unaanza kumuuma.

Nchi ya Japani ilipitisha sheria juu ya jambo hili mwaka 1997, na bima ya utunzaji ikaanza Aprili 2000. Watu huanza kuichangia wakifikisha miaka 40, na serikali huongeza fedha za kodi. Mzee wa miaka 65 au zaidi anayeshindwa kujihudumia hupimwa, kisha huwekwa katika mojawapo ya ngazi 7 kadiri ya msaada anaohitaji. Kwa kawaida yeye hulipa sehemu moja ya kumi ya gharama; mwenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Hapewi fedha mkononi, bali huduma: mhudumu wa kuja nyumbani, kituo cha kushinda mchana, mazoezi ya viungo, kitanda cha mgonjwa, vyuma vya kushikilia bafuni.

Je, hayo hupunguza ulemavu? Bima haiondoi uzee. Lakini chuma cha kushikilia husaidia kuzuia kuanguka na kuvunjika nyonga, na mazoezi baada ya kiharusi husaidia kurudisha nguvu. Kwa upande mwingine, mzee anayefanyiwa kila kitu hudhoofika upesi, kwa maana misuli isiyotumika husinyaa. Wajapani waliona idadi ya wazee wenye ulemavu mdogo ikiongezeka haraka katika bima yao. Ndipo mwaka 2006 wakatilia mkazo kinga: mazoezi, lishe na afya ya kinywa.

Somo hilo twaweza kulitumia nyumbani hata pasipo bima:

1. Mwacheni mzee ale na avae mwenyewe, hata akichelewa.
2. Atembee kidogo kila siku.
3. Njia ya chooni iwe na mwanga na mahali pa kushikilia.
4. Apimwe shinikizo la damu, wala asiache vidonge vyake.
5. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda.
6. Ndugu wapokezane zamu, ili anayemtunza apumzike.

Mkono wa mzee ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, au maneno yakimtatiza, msingoje kesho. Mleteni hospitali saa ileile.